Vazi la Dawa: Ganda Linusurulo Moyo Likachubua Viganja

Juma hili hatutazungumza juu ya mapishi wala malezi ya watoto, ingawa kiini cha yai na mafuta vitatajwa humu zaidi ya mara moja. Tutazungumza juu ya dawa ya saratani, au kansa kama wengi waiitavyo, na hasa juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii tunapotaja dawa, nacho ni vazi lake la nje.

Aliyenitia hamu ya kuziandika habari hizi ni mama mmoja jirani yetu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi. Daktari alipompima moyo aliuona hauna nguvu za kutosha. Akamwambia kwamba ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi hupewa haitamfaa, bali atapewa dawa iyo hiyo ikiwa imefungwa ndani ya vitone vidogo mno vilivyovikwa ganda. Bei yake ilikuwa kubwa, na ukoo mzima ulichanga fedha. Mama akatundikiwa dripu, akarudi nyumbani, na majuma ya mwanzo yakapita vizuri kiasi cha kumshangaza kila mtu: nywele hazikumnyonyoka, wala hakutapika kama alivyotahadharishwa. Lakini baada ya dozi ya pili viganja vyake viliwaka kama vya mtu aliyeshika sufuria iliyo motoni, vikawa vyekundu, kisha ngozi ikaanza kuchubuka. Nyayo nazo vivyo hivyo.

Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema dawa iliharibika njiani, mwingine akasema ni ya bandia, na wa tatu akasema mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilipokwenda kumwamkia alinionyesha mikono yake. "Mwanangu," akaniambia, "dawa gani hii ya kutibu titi inayokuja kuunguza mikono? Mimi siendi tena."

"Mama," nikamjibu, "nipe siku mbili nikaulize."

Niliuliza, nikasoma, na nilichokikuta ni kwamba dawa yake haikuwa mbovu hata kidogo. Ganda lile lile lililokuwa likiulinda moyo wake ndilo lililomchubua viganja. Jambo hilo lahitaji kuelezwa polepole, nasi tutaanza na dawa yenyewe kabla hatujafika kwenye vazi.

DAWA NYEKUNDU NA MOYO

Dawa hiyo huitwa doksorubisini, na asili yake ni udongo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa kampuni ya Farmitalia ya mjini Milan, Italia, walikuwa wakichunguza udongo wa mahali mbalimbali wakitafuta vijidudu viwezavyo kutoa dawa. Katika udongo uliochukuliwa karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13 iliyoko kusini mwa nchi hiyo, walikuta kijidudu kitoacho rangi nyekundu iliyokoza. Kutokana na kizazi cha kijidudu hicho ilipatikana doksorubisini katika miaka ya 1960, na wenyewe wakaiita Adriamycin kwa kuikumbuka bahari ya Adriatiki iliyo jirani. Wekundu wake haujatoka hadi leo. Mgonjwa aliyetundikiwa dawa hii huweza kukojoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili, na jamaa zake wasioambiwa mapema hudhani ni damu.

Dawa hii hupenya hadi katikati ya seli na kujipachika katika nyuzi za urithi, hata seli ikashindwa kugawanyika, ikafa. Hiyo ndiyo faida yake, na hiyo ndiyo hasara yake pia, kwa maana haina macho ya kutofautisha seli ya saratani na seli ya mwenye nyumba. Kila seli inayogawanyika upesi hupata sehemu yake ya sumu: mizizi ya nywele, utando wa mdomo na matumbo, uboho utengenezao damu. Nywele huota tena na vidonda vya mdomoni hupona. Moyo ni habari nyingine. Misuli ya moyo haijirekebishi kwa urahisi, na kila dozi huacha alama juu ya alama ya dozi iliyotangulia. Kwa sababu hiyo madaktari huijumlisha dawa hii kwa maisha yote ya mgonjwa kama mtu ahesabuvyo deni, na kwa desturi hawapendi kupita miligramu 550 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili wake. Zaidi ya hapo hatari ya moyo kushindwa kazi hupanda sana, na mara nyingine moyo hushindwa miaka mingi baada ya saratani kwisha kusahauliwa.

Basi swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: je, hapana njia ya kuifunga sumu hii ipite karibu na moyo bila kuugusa, ikafunguliwe ndani ya uvimbe?

KIINI CHA YAI

Jawabu lilianzia kwenye kitu kilicho katika kila jiko. Mafuta na maji havichanganyiki, lakini mpishi akitia kiini cha yai akakoroga, hupatana. Ndani ya kiini mna mafuta ya namna ya pekee yaitwayo lesithini. Kila molekuli yake ina kichwa kipendacho maji na mikia miwili iyakimbiayo. Ukiitia majini, molekuli hizo hujipanga zenyewe, vichwa nje na mikia ikielekeana, zikafanya utando mwembamba wa tabaka mbili, kisha utando ukajikunja ukawa kipovu chenye maji ndani yake. Hapana fundi aliyevishona vipovu hivyo, hujishona.

Aliyevitambua ni Mwingereza Alec Bangham, katika miaka ya 1960, huko Babraham karibu na Cambridge, akitumia lesithini ya mayai na darubini yenye nguvu kubwa. Vikaitwa liposomu, yaani miili ya mafuta. Haukupita muda watu wakaona kwamba kipovu chenye maji ndani kinaweza kuwa mfuko wa dawa. Vile vinavyotumika kutibu saratani ni vidogo mno, kiasi cha nanomita 80 hadi 100, na ndiyo sababu huhesabiwa miongoni mwa chembe za nano. Unene wa unywele mmoja wa binadamu ni kama nanomita 80,000, kwa hiyo vipovu mia nane na zaidi vingeweza kupangwa kwa mstari katika upana wa unywele huo.

Wazo lilikuwa zuri, lakini damu haikulikubali. Katika miaka ya 1980 Alberto Gabizon na Yechezkel Barenholz, wakifanya kazi katika hospitali ya Hadassah mjini Jerusalem, waliwapa wagonjwa doksorubisini ndani ya liposomu zisizo na ganda la kuzikinga. Nyingi ziliishia kwenye ini. Mwili una walinzi wake. Kitu chochote kigeni kiingiapo katika damu, protini hukishikilia upesi na kukitia alama, na seli zilizokaa kwenye ini na bandama, kazi yake kula takataka, hukiona kwa alama hiyo na kukimeza. Kipovu kikatoka mkononi mwa daktari kikafika tumboni mwa mlinzi, na uvimbe usipate kitu.

KUVISHWA MAJI

Hapo ndipo vazi lilipoanza kuwa jambo kubwa kuliko dawa yenyewe.

Kuna kitu kiitwacho polietilini glaikoli. Jina ni refu lakini kitu chenyewe kimo majumbani mwetu: hutiwa katika malhamu, katika dawa ya meno, hata katika dawa za kulainisha choo. Ni uzi mrefu wa molekuli upendao maji sana. Mwaka 1977 Frank Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walitangaza kwamba protini ikifungiwa nyuzi hizo mwili hauitambui upesi kuwa ni ngeni. Kufikia mwaka 1990 wataalamu walikuwa wamezipandikiza nyuzi hizo hizo juu ya liposomu.

Hazihitajiki nyingi. Katika dawa aliyopewa mama yetu, kati ya kila molekuli 100 za utando wa kipovu, ni kama 5 tu zenye uzi huo. Lakini hizo tano zatosha. Nyuzi husimama kuzunguka kipovu mfano wa mwani uliosimama ndani ya maji ya bahari, kila uzi ukiwa umekumbatia maji yake, na protini ya damu ikikaribia haipati mahali pa kushika, kwani inakutana na maji juu ya maji. Bila protini hapana alama, na bila alama mlinzi wa ini hupita bila kugeuka. Nina hakika wengi wetu tungedhani kwamba ganda la kukinga lingekuwa kitu kigumu kama ganda la yai. La, hili ni vazi la maji.

Tofauti iliyoletwa na vazi hilo ni kubwa. Doksorubisini ya kawaida ikidungwa mshipani huanza kutoka katika damu kwa dakika chache na kutapakaa mwili mzima, moyo ukiwemo. Ile iliyomo ndani ya liposomu zenye vazi huhitaji siku mbili na zaidi ndipo nusu yake iondoke katika damu. Katika siku hizo kipovu huzunguka na kuzunguka. Mishipa ya moyo ina kuta zilizobana vizuri, na kipovu hakipati pa kupenya. Lakini mishipa ya uvimbe hujengwa haraka haraka, na kuta zake zina nyufa. Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walionyesha mwaka 1986 kwamba vitu vya ukubwa fulani hupenya katika nyufa hizo vikabaki ndani ya uvimbe, kwa sababu uvimbe hauna mifereji mizuri ya kuvitoa.

Dawa hii yenye vazi ilipewa idhini nchini Marekani mwezi Novemba 1995, ikawa ya kwanza ya jamii ya chembe za nano kuruhusiwa huko kwa matibabu ya saratani. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliowahusu wanawake 509 wenye saratani ya titi iliyokwisha kuenea. Nusu walipewa doksorubisini ya kawaida, nusu wakapewa yenye vazi. Matokeo hayo ningependa kila familia yenye mgonjwa wa namna hii iyajue, kwa maana yana ukweli ambao matangazo ya biashara huuruka.

Kwanza, vazi halikurefusha maisha. Wanawake wa pande zote mbili waliishi muda unaokaribiana, miezi 21 au 22 kwa wastani, na saratani ilizuiwa kwa kiasi kinacholingana. Lililobadilika ni mahali madhara yalipoangukia. Hatari ya moyo kudhurika kwa waliotumia dawa ya kawaida ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wenzao. Nywele ziliwanyonyoka wanawake 66 katika kila 100 waliopewa dawa ya kawaida, na 20 tu katika kila 100 waliopewa yenye vazi. Kutapika nako kulipungua. Ama kuhusu viganja na nyayo, mambo yalipinduka: katika dawa ya kawaida walioumia walikuwa 2 katika kila 100, na katika dawa yenye vazi walikuwa 48. Karibu nusu yao! Vidonda vya mdomoni navyo viliongezeka.

Mama yetu, basi, alikuwa mmoja wa hao 48.

Sababu yake si ngumu kuelewa baada ya hayo tuliyoyaeleza. Kipovu kisichomezwa na ini hukaa siku nyingi katika damu, na damu hufika kila mahali. Viganja na nyayo vina mishipa midogo mingi, navyo husuguliwa na kubanwa kutwa nzima kuliko sehemu nyingine za mwili. Aidha vina vinyweleo vingi vya jasho, na wataalamu wameikuta dawa hiyo ndani ya jasho lenyewe, ikitokea juu ya ngozi na kuzama tena ndani yake. Muda mrefu katika damu ndiyo zawadi ya vazi, na muda huo huo ndio uletao maumivu ya mikono.

WALIOUGUA NA WALIOPONYWA

Idhini ile ya mwaka 1995 haikuwa kwa saratani ya titi. Ilikuwa kwa saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Hapa habari hizi zinarudi kwetu kwa njia yenye uchungu kidogo.

Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza na daktari Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872, lakini katika Uganda na nchi zilizo karibu nayo ulikuwa ukijulikana vizuri kabla ya UKIMWI kuja. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa pale Mulago, Kampala, mwaka 1967, ilikuwa na wagonjwa wake tangu miaka yake ya mwanzo. UKIMWI ulipoenea, wagonjwa wakawa wengi mno. Saratani ya Kaposi huzaliwa katika seli zizungushiazo mishipa ya damu kwa ndani, uvimbe wake umejaa mishipa yenye nyufa, na kwa hiyo ni kama umeumbwa upokee vipovu. Nchi tajiri zikaifanya dawa yenye vazi kuwa ya kwanza kutumiwa kwa ugonjwa huo. Hospitali nyingi za umma katika sehemu zetu za Afrika, ambako wagonjwa wako, hazikuimudu bei yake.

Madaktari hawakukaa wakingoja. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, ukilinganisha dawa zilizo rahisi kupatikana kwa wagonjwa wa Kaposi waliokuwa wakitumia pia dawa za UKIMWI. Paklitakseli ilishinda nyingine zote zilizolinganishwa. Paklitakseli hiyo haikuwa ya nano. Ilikuwa ile ya zamani, nayo ina kisa chake cha vazi ambacho kitawafurahisha wanaofahamu mbarika.

Paklitakseli hapo mwanzo ilitolewa katika gome la mti wa Marekani, na haiyeyuki majini hata ukoroge siku nzima. Watengenezaji wakaiyeyusha katika kitu kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Dawa ikapita, lakini mafuta hayo yaliyogeuzwa yalileta matata: baadhi ya wagonjwa walivimba, wakabanwa na pumzi, na mara chache hata kupoteza maisha. Hadi leo mgonjwa wa dawa hiyo hupewa kwanza dawa za kutuliza mwili, kisha hukaa chini ya dripu kiasi cha saa tatu. Mwaka 2005 iliidhinishwa Marekani paklitakseli ya namna nyingine, isiyo na mafuta hayo kabisa. Imefungwa pamoja na albumini, protini iliyomo kwa wingi katika damu ya kila mmoja wetu, katika chembe za nanomita 130. Hiyo huingia mwilini kwa nusu saa, na kwa kuwa mwili hauioni albumini kuwa mgeni, dawa za kutuliza hazihitajiki kwa kawaida. Hata hivyo dozi yake huwa kubwa zaidi, na ganzi ya vidole ikazidi vilevile. Kwa mara nyingine tena, shida imehama nyumba.

VAZI LINALOVIKWA VAZI

Mtu aweza kuuliza: kwa nini wasifanye ganda litambualo seli ya saratani tu, likapita nyingine zote? Wamejaribu, na wangali wakijaribu. Seli nyingi za saratani zina njaa kubwa ya madini ya chuma, na juu yake mna milango mingi ya kuipokea protini ichukuayo chuma. Basi wataalamu wakaibandika protini hiyo juu ya chembe za nano, iwe kama ufunguo. Katika chupa ya maabara ufunguo uliingia. Lakini mwaka 2013 kundi moja la Dublin, Ireland, lilionyesha kwamba chembe hizo zikitiwa katika maji yenye protini kama za damu, protini huzizunguka na kuufunika ufunguo, na seli haiutambui tena. Vazi alilolishona fundi limevikwa vazi jingine na damu yenyewe. Wataalamu huliita taji la protini, na siku hizi hawahesabu kuwa wanajua ganda la chembe mpaka walipime baada ya kuoga damuni.

Kuna na kitendawili kingine. Nyuzi za maji zizuiazo ini kushika kipovu huzuia vilevile seli ya saratani isikishike. Kipovu hufika ndani ya uvimbe kikabaki mlangoni, na dawa hutoka kidogo kidogo. Ganda lenye umeme chanya hunata upesi kwenye seli, kwa kuwa utando wa seli una umeme hasi, lakini hunata kwenye kila seli na kila protini liipitayo, na sumu yake si ndogo. Wako wanaojaribu ganda linalovuliwa lenyewe ndani ya uvimbe, kwa sababu ya ukali wa asidi uliomo humo. Mimi nangoja kuona.

Wala mwili haudanganywi milele. Watu wengi, hata wasiopata kudungwa dawa yoyote ya namna hii, wamekutwa na kingamwili dhidi ya polietilini glaikoli, na hudhaniwa kuwa chanzo ni vipodozi na dawa za kawaida. Chanjo mbili za korona zilizoanza kutumiwa mwishoni mwa mwaka 2020, zile za vitone vya mafuta, zina nyuzi hizo pia. Katika majaribio ya wanyama, liposomu tupu zenye vazi zikidungwa mara ya pili baada ya siku chache huondolewa upesi kuliko mara ya kwanza, kwani walinzi wamekwisha kulijua vazi.

Na hesabu ya jumla ni ya kutia unyenyekevu. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilikusanya majaribio ya miaka kumi yaliyofanywa juu ya wanyama wenye uvimbe, kwa chembe za nano za kila aina na kila ganda. Kiasi cha kati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 ya kilichodungwa. Haikutimia hata chembe moja katika kila mia. Tusomapo magazetini kwamba chembe za nano zinaiwinda saratani kama mshale, hatuna budi kuikumbuka asilimia hiyo. Sisemi kuwa kazi yao ni bure. Moyo wa mama yetu ni ushahidi kwamba si bure. Nasema kwamba faida iliyopatikana hadi sasa imekuwa zaidi katika kuviepusha viungo vizima kuliko katika kuupiga uvimbe kwa nguvu mpya.

NYUMBANI

Kwa wenye mgonjwa nyumbani, haya ndiyo niliyoelezwa na muuguzi mmoja mwenye uzoefu, nayo yanalingana na maelekezo ya dawa hiyo.

Doksorubisini ya kawaida na ile yenye vazi si dawa moja ingawa jina ni moja. Vipimo vyake ni mbalimbali, na kamwe moja haibadilishwi kwa nyingine miligramu kwa miligramu. Familia inunuayo dawa nje ya hospitali yafaa isome jina lote lililo kwenye kisanduku na kumwonyesha daktari kabla haijafunguliwa.

Dripu ya kwanza huendeshwa polepole. Mgonjwa akihisi uso kuwaka, kifua au mgongo kubana, au pumzi kumkata katika dakika za mwanzo, aseme pale pale, asione haya. Mara nyingi dripu husimamishwa kidogo, hali hutulia, kisha ikaendelea.

Siku za kwanza baada ya kila dozi ndizo za kuilinda ngozi. Maji ya kuoga yasiwe ya moto. Viatu vya kubana, soksi nzito na bangili za kukaza viwekwe kando. Kazi za kusugua na kubana viganja, nazo kwa mama wa kwetu ni nyingi, kutwanga, kulima, kufua mablanketi, kukamua nguo nzito, wapewe wengine. Kuloweka mikono na miguu katika maji ya baridi hutuliza, na mafuta laini yasiyo na manukato hupakwa taratibu bila kuchua. Dalili ya kwanza ni mchonyoto na wekundu. Hapo ndipo pa kumwarifu daktari, si baada ya ngozi kufunguka. Yeye aweza kuisogeza mbele dozi ifuatayo au kuipunguza, na katika wagonjwa wengi viganja hupona vikarudi kama vilivyokuwa.

Siku ya tatu nilirudi kwa mama nikamweleza yote, kuanzia kiini cha yai hadi mwani wa baharini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo nikiacha, nitarudishwa kwenye ile ya moyo?" Nikamwambia kwamba hilo ni la daktari kuamua, lakini ndivyo nilivyoelewa. Alinyamaza. Kisha akamwita mjukuu wake mkubwa, akamkabidhi mchi.

Alikwenda kwa daktari wake kabla ya siku aliyopangiwa. Dozi ya tatu iliahirishwa kwa majuma mawili na kipimo kikapunguzwa. Nilipopita kwake Jumapili alikuwa ameketi uani, mikono yake ndani ya beseni la maji ya mtungini, akiwaelekeza wajukuu namna ya kupepeta mchele, na akilalamika kwamba wanamwaga.